SOMO: KUPANGA MAZOEZI YA MSETO WA MITINDO MINNE KWA WAOGELEAJI WATU WAZIMA



Aghalabu mtu mzima anayekwenda bwawani kwa ajili ya afya yake huogelea mtindo mmoja tu, tena kwa mwendo mmoja, ukuta hadi ukuta, mpaka atimize idadi aliyojiwekea. Katika miezi ya mwanzo hufaidika, kwani pumzi huongezeka na mwili huwa mwepesi. Baada ya hapo maendeleo husita, na bega linalozungushwa mamia ya mara kwa namna ile ile huanza kuuma. Hapo ndipo wengi huacha. Somo hili linaeleza jinsi ya kupanga mazoezi ya mseto wa mtu mmoja, yaani mtu mmoja kuogelea mitindo yote minne kwa kufuatana, ili aliyekwisha kuuvuka ujana aendelee kufaidika bila ya kujiumiza.

Mfuatano uliowekwa kwa mashindano ni kipepeo, mgongo, kifua, kisha huru. Mseto wa mita 400 uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na ule wa mita 200 katika michezo ya Mexico City mwaka 1968. Upo pia mseto wa mita 100, unaoshindaniwa katika mabwawa ya mita 25 tu, na huo ndio kipimo kinachomfaa zaidi mtu mzima: kila mtindo urefu mmoja wa bwawa, basi.

Faida ya mseto ni kuwa kazi huhama kutoka kiungo kimoja kwenda chengine. Kipepeo huelemea mabega na kiuno. Mgongo huyazungusha mabega kwa upande wa pili na kukikunjua kifua. Mtindo wa kifua, ambao wengi wetu tunauita wa chura, huipa miguu sehemu kubwa ya kazi, ila mwenye maumivu ya upande wa ndani wa goti hana budi kuupunguza. Kwa hivyo muogeleaji hupumzisha mabega yake ilhali moyo na mapafu vikiendelea na kazi.

Mtindo unaowatisha watu ni kipepeo. Asili yake ni kifua: katika miaka ya 1930 waogeleaji wa kifua walianza kuirusha mikono juu ya maji ili waende kasi, na mwaka 1952 ndipo mitindo hiyo miwili ilipotenganishwa rasmi. Kosa la watu wazima ni kukiogelea kipepeo masafa marefu kwa ushupavu, nacho kimekwisha kuharibika zamani. Kiuno huzama, mikono huburura, kichwa huinuliwa kutafuta hewa, na bega ndilo linalolipa. Ni bora mita 12 za kipepeo kizuri kuliko mita 50 za kupapatika. Anayeanza na aogelee nusu ya bwawa kwa kipepeo na kuimaliza nusu ya pili kwa mtindo huru. Au atumie mkono mmoja, wa pili ukiwa umenyooshwa mbele. Ahesabu mapigo ya mikono katika kila urefu. Mapigo yakizidi yale ya urefu wa mwanzo kwa zaidi ya mawili, kipepeo cha siku hiyo kimekwisha.

Sasa tuupange mfano wa siku moja katika bwawa la mita 25, kwa mtu anayemudu mita 1,500. Aanze na mita 300 za taratibu za kuupasha mwili moto, kwa mtindo huru na mgongo. Zifuate mita 200 za miguu peke yake, kwa mikupuo 4 ya mita 50. Kisha mikupuo 6 ya mita 50 ya kuvuka kutoka mtindo hadi mtindo: kipepeo na mgongo, mgongo na kifua, kifua na huru, halafu arudie tena, akipumzika sekunde 20 kila baada ya mkupuo. Sehemu kuu iwe mikupuo 4 ya mita 125. Katika mkupuo wa kwanza kipepeo hupewa mita 50 na mitindo mengine mita 25 kila mmoja. Katika wa pili mgongo ndio unaopewa 50. Wa tatu kifua. Wa nne huru. Mapumziko yawe sekunde 30 au zaidi. Amalizie na mita 200 za polepole, na hapo mita 1,500 zimetimia.

Mpango huo usirudiwe kila siku, kwani utakuwa umegeuka kuwa ule ule ukuta hadi ukuta tulioukimbia. Kwa anayekwenda mara tatu kwa wiki, siku moja iwe ya mikupuo mirefu na mwendo wa wastani. Siku ya pili iwe ya kuvuka na kugeuka. Siku ya tatu iwe ya mikupuo mifupi ya kasi, mita 25 kwa mita 25, na mapumziko ya kutosha. Aliyekomaa anaweza kuupindua mfuatano, akaanza na huru na kumaliza na kipepeo. Zoezi hilo ni kali. Mwenye bega bovu aliache.

Kugeuka nako kufanyiwe mazoezi. Katika kipepeo na kifua ukuta huguswa kwa mikono miwili kwa pamoja. Anayemaliza mgongo ili aingie kifua sharti auguse ukuta akiwa bado chali, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kujigeuza mapema.

Kuna jambo moja la hatari. Baada ya kugeuka, waogeleaji hupenda kukaa chini ya maji kwa muda mrefu wakipiga miguu. Kuizuia pumzi mara kwa mara, hasa baada ya kuhema kwa kasi makusudi, huweza kumzimisha mtu ghafla bila ya dalili, naye akazama kimya kimya. Mateke mawili au matatu yanatosha, kisha atoke juu avute hewa. Asiogelee peke yake pasipo mtu wa kumuangalia, na mwenye shindikizo la damu au maradhi ya moyo aonane na daktari kabla ya kuanza mikupuo ya kasi.

Muogeleaji awe na daftari dogo la kuandikia kila siku mikupuo aliyoogelea, mapumziko, na idadi ya mapigo yake ya kipepeo. Baada ya wiki sita alinganishe ukurasa wa kwanza na wa mwisho, ndipo aongeze masafa.