BEI YA DUKANI SIYO BEI YOTE



Viazi vimeuzwa, fedha iko mkononi. Unataka kununua sola, watoto wapate kusoma usiku na simu ipate chaji. Ni jambo jema. Lakini ngoja kidogo. Fedha hiyo ni jasho la msimu mzima. Kabla hujaitoa, pima mambo mawili: bei ya kitu na kazi ya kitu.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Niliona sola mbili dukani. Moja shilingi 20,000, nyingine shilingi 60,000. Nikasema moyoni, "Si zote zinawaka tu?" Nikachukua ya 20,000. Baada ya miezi 8 betri ikafa. Fundi akaifungua, akatikisa kichwa. Tukarudi kwenye kibatari. Jirani yangu alichukua ile ya 60,000. Sasa imetimiza miaka 4, yaani miezi 48, na bado inawaka.

Haya, tupige hesabu:

20,000 ÷ miezi 8 = shilingi 2,500 kwa mwezi.
60,000 ÷ miezi 48 = shilingi 1,250 kwa mwezi.

Umeona? Ile niliyoiona rahisi ndiyo iliyokuwa ghali, tena mara mbili. Wahenga walisema: Rahisi huvunja upishi.

Je, tununue cha bei kubwa kila mara? Hapana. Dukani ilikuwapo pia sola ya shilingi 150,000. Hiyo inawasha hata televisheni. Nayo ikidumu miezi 48, ni shilingi 3,125 kwa mwezi. Kama huna televisheni, unalipia kazi usiyoitumia. Ni sawa na kukodi lori kubeba debe moja la viazi.

Kwa hiyo anza na kazi unayoitaka. Tuseme unataka taa 2, kila moja wati 3, ziwake saa 4 kila usiku. Zidisha: 2 × 3 × 4 = 24. Paneli ya wati 10 ikipata jua zuri kwa saa 4, hutoa 10 × 4 = 40. Umeme mwingine hupotea njiani, lakini taa zako zitawaka, na simu ndogo itapata chaji.

Sasa angalia mambo haya:

1. Chukua rula. Paneli ya wati 10 ina urefu wa kama sentimita 35 na upana wa sentimita 25. Paneli ya wati 100 hukaribia urefu wa mita moja. Ukiona paneli ndogo kama daftari imeandikwa "wati 100", iache.

2. Kumbuka mawingu. Wengi wetu hununua vitu vipya mwezi wa Agosti, wakati wa maonyesho ya Nane Nane hapa Uyole. Agosti ni kiangazi, kila sola inawaka vizuri. Lakini mvua zetu huanza Novemba mpaka Aprili. Siku ya mawingu mazito ile 40 yaweza kushuka chini ya 20. Siku hiyo washa taa moja.

3. Uliza habari za betri. Ikichoka, je, inapatikana Mbeya au Iringa? Kwa bei gani?

4. Tafuta alama ya ubora ya TBS. Dai risiti na karatasi ya garantii, uzisome mwenyewe. Garantii ni ahadi ya kukutengenezea au kukubadilishia kitu kikiharibika. Soma ni ya miezi mingapi. Usione haya kusoma mbele ya mwenye duka. Ulijifunza kusoma kwa ajili ya mambo kama haya.

MASWALI

1. Sola ya shilingi 45,000 imedumu miezi 30. Ni shilingi ngapi kwa mwezi?

2. Taa 3 za wati 2 zikiwaka saa 5, zinahitaji kiasi gani?

3. Jadilianeni: Kitu gani kipya mlikinunua nyumbani kwa bei rahisi? Kilidumu miezi mingapi?

Majibu: 1. Shilingi 1,500. 2. 30.