Hesabu ya Chuo Ifanywe Kabla ya Ng'ombe Kuuzwa

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne mara nyingi hutoka Januari, wakati familia nyingi za Kasikeu zinavuna ndengu na kuuza maembe. Furaha ya matokeo haikai sana kabla ya swali la karo kuingia nyumbani. Mzazi hukosa usingizi akihesabu mifugo. Mtoto hunyamaza akiogopa kuonekana mzigo. Jirani naye anasifu chuo cha Nairobi alichompeleka wake. Katika hali hiyo ni rahisi kuuza ng'ombe au kipande cha shamba kulipia muhula wa kwanza, kisha mtoto akarudi nyumbani mwaka wa pili bila cheti.

Somo hili linaeleza hatua nne za kuchukua kabla ya kulipa chochote.

1. Ongeeni ukweli wa pesa

Wazazi wengi huficha hali ya mfuko ili wasimvunje mtoto moyo. Lakini mtoto asiyejua uwezo wa nyumbani huchagua gizani. Inatosha kumwambia: "Mwanangu, kwa mwaka tunaweza kutoa kiasi hiki. Tutafute kozi unayoipenda ambayo tutaimaliza." Mtoto naye aulizwe anapenda kazi gani, na asikilizwe.

2. Jueni ngazi zilizopo

Kujiunga na digrii kunahitaji alama ya wastani ya C+ au zaidi. Diploma nyingi za ufundi huanzia C-, na cheti huanzia D. Hata aliyepata E anaweza kuanza kozi ya ufundi ya ngazi ya chini na kupanda hadi cheti, kisha diploma. Baadhi ya kozi, kama za afya na ualimu, hudai pia alama fulani katika masomo maalum.

Vyuo vya karibu vipo. Wote kuna chuo cha kiufundi. Chuo cha mafunzo ya udaktari, KMTC, kina kampasi Makueni na Makindu. Chuo Kikuu cha Machakos na kile cha SEKU, kilichoko Kwa Vonza, Kitui, haviko mbali. Tena vyuo vya ufundi vya mashinani viko chini ya serikali ya kaunti, na mwanafunzi anaweza kusoma akitokea nyumbani.

3. Hesabuni kozi nzima

Barua ya kuitwa chuoni huweza kuonyesha karo ya muhula mmoja tu. Tuchukue mfano wa kozi ya miaka 3, yenye mihula 3 kwa mwaka na wiki 12 kwa muhula:

- Karo: shilingi 20,000 kwa muhula, jumla 180,000.
- Chumba: shilingi 3,000 kwa mwezi, miezi 9 kwa mwaka, jumla 81,000.
- Chakula: shilingi 1,000 kwa wiki, jumla 108,000.

Barua ilisema 20,000, lakini kozi nzima ni 369,000. Hapo bado nauli, vifaa na ada ya mitihani. Mtoto akisoma karibu na kulala nyumbani, zile 81,000 za chumba zinabaki, ingawa nauli ya kila siku lazima ihesabiwe.

4. Hakikisheni chuo na kozi

Vyuo vya ufundi husajiliwa na mamlaka ya TVETA, na vyuo vikuu husimamiwa na tume ya CUE. Chuo kinaweza kuwa na usajili huku kozi fulani haijaidhinishwa, kwa hiyo ulizeni yote mawili. Ulizeni pia mtihani wa mwisho unatolewa na nani. Maombi ya kupangiwa nafasi katika vyuo vya umma, pamoja na KMTC, hupitia KUCCPS.

Msaada wa karo

Basari za kaunti na za hazina ya NG-CDF hazirudishwi, lakini mara nyingi hazitoshi karo yote. Zisihesabiwe kabla ya kupatikana. Mkopo wa HELB hupatikana kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya ufundi, na hurudishwa pamoja na riba. Mtoto aelewe kwamba deni hilo ni lake. Aliyetimiza miaka 18 ashughulikie kitambulisho mapema, kwa kuwa maombi mengi hukihitaji.

Zoezi la nyumbani

Jioni moja wiki hii, mzazi na mtoto wachukue karatasi na kuandika kozi tatu. Kando ya kila moja waandike gharama yote hadi mwisho, pesa za uhakika kutoka nyumbani, na pengo linalobaki. Kozi ambayo pengo lake halina jibu iwekwe kando kwanza. Mtoto anayeanza na cheti na kukimaliza anaweza kuendelea baadaye, na shamba la familia likabaki.