Nyama ya Moshi na Afya ya Nyumbani

Wawindaji wa zamani wa misituni walikausha nyama juu ya moshi ili isioze. Sababu yake yafaa ijulikane: katika kilo nne za nyama mbichi isiyo na mafuta, karibu kilo tatu ni maji. Maji yakitoka, vijidudu vya uozo havistawi. Hubaki chakula cha kujenga mwili na madini ya chuma yaongezayo damu. Basi kipande kidogo chatosha chungu kizima.

Lakini moshi hauponyi nyama mbovu. Mnyama aliyekutwa amekufa asiliwe kamwe, maana huenda ameuawa na kimeta, na mbegu za ugonjwa huo hazifi kwa moshi wala kwa mapishi ya kawaida. Tena, uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Kwa hiyo mwenyeji wa Wamagana, ingawa msitu wa Nyandarua u karibu naye, na atumie nyama ya mbuzi au ng'ombe iliyokaguliwa. Hapotezi kitu, kwani Wakikuyu tangu zamani walimpenda mbuzi kuliko mnyama wa mwitu.

Namna ya kupika: Osha nyama, iloweke saa chache, umwage maji yale. Ichemshe mpaka ilainike kabisa, kisha uitie katika githeri pamoja na mboga za majani. Nyama husaidia mwili kupokea chuma kilichomo katika maharagwe. Watoto wakatiwe vipande vidogo sana. Wala isiliwe kila siku, kwa kuwa masizi na chumvi nyingi hudhuru.