Mbwa wa kizungu uani: ruhusa ya sheria na amana iliyosahauliwa

Pita mitaa ya Mbezi Beach, Tabata au Tegeta jijini Dar es Salaam, utayakuta mageti mengi yameandikwa maneno mawili: "Mbwa mkali". Baadhi ya nyumba hizo ni za Waislamu, na ukibisha hodi utaitikiwa kwa salamu. Zamani aliyekuwa nyuma ya geti alikuwa mbwa wa kawaida. Siku hizi wenye uwezo wanatafuta "mbwa wa kizungu", na wengine wanataka wale wa mbegu kubwa kabisa: Boerboel wa Afrika Kusini, Great Dane, Mastiff. Dume la wanyama hawa mara nyingi hufikia kilo 60 au 70 na hata kupita, yaani uzito wa mtu mzima.

Kila habari hii inapotajwa, sisi walimu wa dini huulizwa swali moja: "Ustadhi, inafaa au haifai?" Muulizaji anataka neno moja aende zake. Lakini neno moja halitoshi. Akiambiwa inafaa, atanunua jibwa lake, alifunge mnyororo pembeni ya tangi la maji na kudhani amemaliza. Mwingine akiambiwa haifai, ataokota jiwe ampige kila mbwa anayepita, akidhani anaitumikia dini. Wote wawili wamechukua nusu ya somo na kuiacha nusu nyingine. Tulisome somo zima.

Ruhusa ipo, na ina mpaka

Msingi wa mas'ala haya ni hadithi zilizopokewa na Imam Bukhari na Imam Muslim, kwamba mwenye kufuga mbwa hupungukiwa kila siku na malipo ya matendo yake. Katika mapokezi ya Abu Huraira (R.A.) imetajwa qirati moja, na katika ya Ibn Umar (R.A.) qirati mbili. Mtume (S.A.W.) akawatoa katika onyo hilo mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa shamba. Aidha, Suratul Maida aya ya 4 imehalalisha kula kile walichotukamatia wanyama tuliowafunza kuwinda.

Je, nyumba ya mjini imo? Hapa wanachuoni wamehitalifiana. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria na ambaye vitabu vyake vinasomeshwa sana katika madrasa zetu za Kishafii, ameitaja hitilafu hiyo katika sharhe yake ya Sahihi Muslim. Kisha akaona lililo sahihi zaidi ni kujuzu kufuga mbwa wa kulinda nyumba, kwa kukisia na yale matatu yaliyotajwa, kwa kuwa sababu ya ruhusa ni haja.

Lizingatie neno hilo, haja. Aliyevunjiwa nyumba mara mbili ana haja. Anayeishi pembezoni mwa jiji, ambako taa za barabarani hazijafika, ana haja. Lakini aliyenunua Great Dane kwa sababu jirani yake ana German Shepherd, au ili apige naye picha, huyo hana haja, ana fahari. Ruhusa ya mwenye haja haimfikii mwenye fahari.

Na hata mwenye haja ajiulize kama ukubwa wa mbwa ndio ulinzi. Great Dane, pamoja na umbo lake la kutisha, kwa vizazi vingi sasa amezalishwa awe mpole na mwenye kupenda watu. Saint Bernard alilelewa na watawa wa Kikristo katika milima ya Alps, na akasifika kwa kuwatafuta wasafiri waliozama kwenye theluji. Nywele zake nzito zilimfaa huko, lakini katika joto la Dar es Salaam au Mombasa ni mateso matupu. Mwizi huogopa kelele zinazoamsha watu, na kazi hiyo mbwa wetu wa kawaida wa kilo 15 anaifanya vizuri kabisa.

Bei ya mbwa

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Katika hadithi ya Abu Mas'ud al-Ansari (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amekataza thamani ya mbwa. Kwa hadithi hii, Mashafii na Mahanbali wamesema kumuuza mbwa hakusihi, hata akiwa mbwa wa kazi. Mahanafi wamejuzisha kumuuza mbwa mwenye manufaa.

Hivyo basi, Muislamu anayetoa mamia ya maelfu ya shilingi kununua mtoto wa mbwa, ilhali kila siku anajitambulisha kuwa ni Shafii, anapaswa kuwaendea masheikh wake kabla ya kutoa fedha. Na afadhali zaidi yule anayetafuta mbwa wa kupewa na jamaa mwenye watoto wa mbwa waliozidi. Huyo amejitoa kwenye hitilafu, na fedha yake imebaki mfukoni.

Najisi si uadui

Kwa madhehebu ya Shafii mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kama ilivyokuja katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.). Mahanafi wanasema mate yake ndiyo najisi, mwili si najisi. Mamaliki wanamwona mbwa kuwa tohara, na kule kuosha mara saba kwao ni ibada ya kufuata amri.

Lakini hakuna hata mmoja kati ya maimamu hawa aliyesema kwamba unajisi wa mbwa unahalalisha kumtesa. Najisi ni hukumu ya tohara yetu sisi, ili tujue tuoshe nini na tuswali na nguo ipi. Damu inayotoka kwenye jeraha letu nayo ni najisi, na hatumpigi mawe aliyejeruhiwa. Mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa ndani ya Suratul Kahf, amelala akinyoosha miguu yake kizingitini. Katika hadithi mashuhuri, mtu aliyeteremka kisimani akajaza khofu yake maji na kumnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa na Allah (S.W.). Masahaba walipouliza kama kuna malipo kwa wanyama, Mtume (S.A.W.) akawajibu kuwa kuna malipo katika kila chenye uhai.

Kwa vitendo, familia yenye mbwa wa ulinzi haishindwi kuishi kwa tohara. Banda lake liwe uani, mbali na kamba ya nguo na mahali pa kutawadhia. Asiingie vyumbani, kwani imesihi kuwa Malaika hawaingii katika nyumba yenye mbwa. Sahani na ndoo yake ziwe zake peke yake. Anayemhudumia awe na nguo maalumu ya kazi hiyo. Watoto wafundishwe kwamba mkono mkavu ukigusa manyoya makavu hakuna kilichonajisika, ila ukiwapo unyevu ndipo huoshwa. Mtoto aliyefundishwa hivi hataogopa na wala hatapuuza.

Kilo 70 zina haki zake

Sasa tufike kwenye nusu inayosahauliwa. Mtoto wa Great Dane huzaliwa akiwa na kiasi cha nusu kilo tu, na ndani ya mwaka mmoja na nusu huwa amepita kilo 50. Mifupa yake inajengwa kwa kasi hiyo yote. Akilishwa ovyo, au akizidishiwa madini ya chokaa ili "akue haraka", mifupa na viungo huharibika na atachechemea maisha yake yote. Akiwa mkubwa hula takriban kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Anayempa makombo ya ugali aliyokwangua kwenye sufuria anamuua kidogo kidogo.

Mbwa hawa wenye kifua kirefu wana maradhi yao pia. Tumbo hujaa gesi kisha likajipinda, na bila ya upasuaji mnyama hufa ndani ya saa chache. Ndiyo maana hulishwa milo miwili au mitatu midogo badala ya mlo mmoja mkubwa, na hawakimbizwi mara baada ya kula. Joto nalo ni adui. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevunyevu kama ya pwani kuhema hakusaidii sana. Kivuli na maji safi mchana kutwa kwake ni uhai.

Na umri wake ni mfupi. Mbegu hizi kwa kawaida huishi miaka 7 hadi 10. Great Dane aliyeitwa Zeus, wa Michigan nchini Marekani, alipimwa mwaka 2011 akawa na kimo cha sentimita 111.8 na kuingia katika rekodi za dunia za Guinness. Alikufa Septemba 2014 kabla hajatimiza miaka 6. Miaka ya uzee inakuja mapema: viungo vinauma, hawezi kubweka wala kukimbia. Je, siku hiyo mwenye nyumba atamtunza, au atamtupa kando ya barabara kwa kuwa "hana kazi tena"?

Hapa ndipo inapokuja hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Ukitazama vizuri, kosa lake halikuwa kuwa na paka. Alimzuia, kisha akamnyima. Basi mbwa anayefungwa mnyororo wa mita mbili tangu asubuhi mpaka usiku, maji yamemwagika na jua limempata, tofauti yake na paka yule ni nini? Hata sheria ya nchi imeliona hili: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini Muislamu hakustahili kungoja mwaka 2008.

Na tusisahau upande wa pili. Wapo wanaomnunulia mbwa nyama ya buchani kila wiki, ilhali mlinzi anayemfungulia geti hajalipwa mshahara wa miezi miwili. Rehema inayopita juu ya kichwa cha binadamu ikatua kwa mbwa, hiyo si rehema. Ni fahari iliyovaa kanzu.

Jirani, mgeni na mtoto

Mbwa wa kilo 70 akimrukia mtu kwa furaha tu anaweza kumvunja mkono. Haifai Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake, na jirani asiye Muislamu naye ana haki ya ujirani. Kwa hiyo geti lisiachwe wazi, mbwa asitolewe matembezi na mtoto asiyemmudu, na mbwa anayejulikana kuwa anauma, mwenyewe hawezi kukwepa dhamana kwa kusema "niliandika getini".

La mwisho ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kiasi cha asilimia 40 ya waathirika ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini unazuilika. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Na mbwa achanjwe kila mwaka. Kisiwani Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu, kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 ziliukata ugonjwa huu. Uliporudi mwaka 2016, chanjo ikarudiwa ukakatwa tena. Watu wa Pemba hawakuwapenda mbwa zaidi yetu. Waliwaleta wachanjwe kwa kuwa waliujua wajibu wao.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kuuliza "inafaa au haifai", anza kujiuliza mwenyewe. Nina haja, au nina fahari? Mbwa mdogo hanitoshi? Nimeuliza hukumu ya bei yake? Nina uwa, kivuli, chakula na daktari wa mifugo? Jirani yangu atalala? Nitamtunza atakapozeeka? Ukikosa jibu la swali moja kati ya haya, imarisha kitasa cha mlango, weka taa nje, mlipe mlinzi wako kwa wakati, na umwache mbwa wa watu. Ukiyajibu yote kwa ukweli, mfuge ukijua kuwa umebeba amana ambayo haina ulimi wa kukushitaki hapa duniani, na kwamba kuna siku ya hesabu.

Wallahu a'alam.