Mtoto Ajifunzapo Kutembea

Katika vijiji vyetu vya Karagwe na Kyerwa mama huulizwa mara nyingi na majirani, “Je, mtoto wako hatembei bado?” Naye hurudi nyumbani na moyo mzito, maana mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi ule ule tayari anazunguka chini ya migomba. Basi yafaa wazazi, na hasa walimu wa sharika wanaozuru nyumba, wajue kipimo cha kweli.

Tangu mwaka 1997 hata 2003 Shirika la Afya Duniani lilichunguza watoto wenye afya, na katika nchi za Ghana, Uhindi, Norway, Oman na Marekani likatazama jinsi wajifunzavyo kuketi, kusimama na kutembea. Ikaonekana ya kuwa mtoto hutembea peke yake kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Tazameni upana wa muda huo! Wawili waweza kupitana kwa miezi 9, na wote wakawa wazima. Tena kadiri ya watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kamwe.

Hatua za kwanza ni za mashaka. Mtoto hupanua miguu, huinua mikono kama mtu avukaye mto juu ya gogo, na kukanyaga kwa wayo wote. Baadaye mikono hushuka, miguu hukaribiana, na kisigino hutangulia kugusa chini. Kuanguka kusimtishe mzazi: wachunguzi wa New York walitangaza mwaka 2012 ya kuwa mtoto wa miezi 12 hata 19 achezapo huenda hatua zipatazo 2,368 kwa saa moja, na kuanguka mara 17. Kwa hiyo abebwaye mgongoni mchana kutwa hukosa darasa lake.

Kumpima si kazi ngumu. Ujue kwanza umri wake kwa miezi. Cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki itakuambia. Aliyezaliwa kabla ya wakati ahesabiwe tangu siku aliyotazamiwa kuzaliwa. Tazama nyayo zake, maana funza peke yake waweza kumfanya akatae kukanyaga. Kisha asimame miguu mitupu mahali palipo sawa, mama amwite toka mbali kidogo. Akienda hatua 5, mgongo umenyoka, pasipo kushika mtu wala kitu, amekwisha kutembea.

Lakini aliyetimiza miezi 18 asitembee, au aendaye kwa ncha za vidole daima, au avutaye mguu mmoja, au aliyetembea kisha akaacha, apelekwe upesi Nyakahanga au hospitali nyingine iliyo karibu. Na wayo uliopinda ndani tangu kuzaliwa usingojewe kabisa: hunyoshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila juma, na kazi hiyo ni nyepesi zaidi mtoto angali mchanga. Wako wasemao kwamba mtoto wa namna hii amerogwa, nao humficha chumbani. Huko kumficha ndiko kumdhurako, maana miezi ya kutibika hupita mlango ukiwa umefungwa.

Ikiwa mtoto hajatimiza miezi 18, wala hana dalili hizo, na mwalimu angali na shaka, na arudi baada ya mwezi mmoja amtazame tena. Aandike aliyoyaona pamoja na tarehe za siku zote mbili, ampe mama karatasi hiyo aichukue kwa daktari.