Kukaribishwa kwa Kipigo

Usiku wa tarehe 19 Novemba 2011, basi moja lilikuwa limeegeshwa nje ya hoteli mjini Orlando, jimbo la Florida, Marekani. Lilikuwa basi la Marching 100, bendi ya Chuo Kikuu cha Florida A&M, ile iliyopita Paris mwaka 1989 katika gwaride la miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa. Ndani ya basi hilo wanabendi walikuwa na desturi yao: anayetaka kuheshimiwa na wenzake hupita katikati ya viti, kutoka mbele hadi nyuma, huku akipigwa ngumi, mateke na vijiti vya ngoma. Kijana wa miaka 26, mmoja wa viongozi wa gwaride, alipita usiku huo. Haukupita muda akaanza kutapika, akasema hapumui vizuri, akasema haoni. Kisha akazimia. Hakuamka tena.

Madaktari walioupasua mwili hawakukuta mfupa uliovunjika wala kiungo cha ndani kilichoumia. Damu ilikuwa imevilia kwenye misuli ya kifua, mabega, mikono na mgongo, nyingi kiasi cha kuufanya moyo ukose ya kuzungusha. Kila mwanafunzi anayejitetea kwamba “tunawachapa kidogo, hatuwavunji” anapaswa kulijua hili. Kipigo kinachogawanywa kwa mikono mingi humfanya kila mpigaji aamini kwamba chake kilikuwa kidogo, lakini mwili unaopigwa ni mmoja.

Mateso ya kumpokea mgeni hayana nchi yake. Nchini Kenya, mwanafunzi wa kidato cha kwanza huitwa mono. Tanzania huitwa njuka. Mara nyingi huanza kama mzaha. Mgeni anaambiwa aizime taa ya umeme kwa kuipuliza, au apige simu nyumbani kwa kutumia kiatu. Bweni zima linacheka, naye anacheka kwa woga. Wiki inayofuata anafua nguo za wakubwa, sabuni na sukari alizonunuliwa na mama yake zimekwisha kugawanywa, na baada ya taa kuzimwa anapigishwa magoti kando ya kitanda cha mtu asiyemjua. Kati ya mzaha na mateso hakuna ukuta. Anayeamua pa kuishia ni yule yule anayefurahia.

Vyuoni, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina historia yake chungu. Kwa miaka mingi kulikuwa na kundi la siri lililojiita Mzee Punch, lililobandika ukutani maandishi na michoro ya kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wasichana waliokataa kutongozwa. Wengi walilichukulia kuwa burudani ya chuo. Mwezi Februari 1990, msichana mmoja aliyekuwa ameandamwa na kundi hilo alijiua. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kililishika suala hilo na kulipeleka mbele ya taifa, na ndipo jamii ikaanza kuuita unyanyasaji kile ambacho chuoni kiliitwa utani.

Utetezi unaosikika kila mahali ni kwamba mgeni mwenyewe alikubali. Hata yule kijana wa Florida hakufungwa kamba. Alipanda basi kwa miguu yake. Lakini anayeambiwa “pita hapa au usihesabike kuwa mwenzetu” hajapewa uhuru wa kuchagua, hasa akiwa na miaka 14, mbali na nyumbani, na hana rafiki hata mmoja. Sheria za nchi kadhaa zimeliona hilo. Ufaransa, katika sheria yake ya Juni 1998, ilitamka kwamba kumfanya mwanafunzi atende jambo la kumdhalilisha ni kosa hata kama ameridhia. Florida nayo haiikubali ridhaa kuwa utetezi: mmoja wa wanabendi wale alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka sita.

Kwa nini basi walioteswa jana ndio watesaji wa leo? Mwaka 1959, wanasaikolojia Elliot Aronson na Judson Mills walifanya jaribio na wanafunzi wa kike waliotaka kujiunga na kikundi cha majadiliano. Baadhi yao walipitishwa kwanza kwenye mtihani wa kuaibisha, wengine mtihani mwepesi, wengine hawakupewa chochote. Kisha wote wakasikilizishwa mazungumzo yale yale, ya kuchosha kabisa. Walioaibishwa sana ndio waliokisifia kikundi zaidi. Mtu akilipa gharama kubwa, hujiaminisha kwamba alichopata kilistahili. Ndiyo maana mwanafunzi wa kidato cha nne husema “na sisi tulipitia, tukakomaa” kwa moyo mweupe kabisa, bila kujua kwamba anayazungumzia maumivu yake mwenyewe.

Wapo wanaolinganisha haya na jando na unyago. Ulinganisho huo hausimami. Jandoni kuna mzee anayejulikana kwa jina, anayewajibika kwa wazazi wa mtoto asubuhi ikifika, na kuna mafunzo yanayotolewa. Bwenini saa sita za usiku hakuna mzee, hakuna funzo, na asubuhi hakuna anayewajibika.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko kipigo chenyewe: siri. Tarehe 2 Februari 2017, katika nyumba ya chama cha udugu cha wanafunzi kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kijana wa miaka 19 alinyweshwa pombe nyingi kwa muda mfupi katika sherehe ya kuwapokea wageni, akaanguka kwenye ngazi za kuteremkia chini ya nyumba. Kamera za ulinzi zilirekodi kilichofuata. Walimlaza kwenye kochi, wakammwagia maji, wakamvika mgongoni begi zito ili asilale chali na kupaliwa na matapishi. Mwanachama mmoja mpya alisema kijana huyo anahitaji hospitali, akasukumwa ukutani. Simu ya kuomba msaada ilipigwa baada ya takriban nusu siku. Tarehe 4 akafariki.

Ubelgiji, Desemba 2018, ilikuwa vivyo hivyo. Wanafunzi watatu wa mji wa Leuven waliotaka kuingia klabu iitwayo Reuzegom walinyweshwa pombe, wakalazimishwa kunywa mafuta ya samaki na kukalishwa ndani ya shimo lenye maji baridi. Mmoja wao, mwenye miaka 20, alifikishwa hospitali mwili umepoa mno na chumvi imezidi katika damu yake. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa iliwapa wanaklabu 18 adhabu ya kazi za jamii na faini ya euro 400, hukumu iliyowakasirisha Wabelgiji wengi.

Dalili za hatari si siri ya madaktari peke yao. Aliyenyweshwa pombe akawa haamshiki, anapumua polepole au kwa kukatikakatika, au ngozi imepoa na midomo imebadilika rangi, hapaswi kuachwa “alale iishe”. Alazwe kwa ubavu, asiachwe peke yake, msaada uitwe mara moja. Kahawa na maji baridi havipunguzi pombe iliyokwisha kuingia kwenye damu. Aliyepigwa kichwani akaanza kutapika au kusinzia apelekwe hospitali. Aliyepigwa sana kwenye misuli akakojoa mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, figo zake ziko hatarini, hata kama anatembea na kucheka.

Wakuu wa shule nao wana sehemu yao. Mapema mwaka 2017, baada ya uchunguzi kueleza jinsi viranja wa Alliance High School, moja ya shule zinazoheshimika zaidi Kenya, walivyowatesa wanafunzi wadogo, mkuu wa shule aliomba kustaafu mapema. Shule inayowaachia viranja fimbo na usiku wa bweni imewakabidhi watoto mamlaka ambayo hata mwalimu hana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mateso na udhalilishaji wa mtoto.

Mzazi anayemtembelea mwanawe siku ya wazazi hahitaji maswali mengi. Aulize sabuni imekwenda wapi. Aulize nani anafua nguo za nani, na taa zikizimwa nani hubaki bwenini na wanafunzi. Mtoto akikwepa kujibu, mzazi amwone matroni au mwalimu wa malezi siku hiyo hiyo, kabla ya kupanda gari la kurudi. Na asiyeweza kusema shuleni anaweza kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto inayotumika Kenya, Tanzania na Uganda, bila malipo.