Mshale Unaorudi: Jinsi ya Kusoma Mchoro wa Visababishi

Katika fikra za kimfumo, jambo moja huweza kuwa sababu na pia matokeo. Mchoro wa visababishi hulidhihirisha hili kwa mishale. Mshale chanya huonyesha kuwa mambo mawili huongezeka au hupungua pamoja; mshale hasi, kuwa moja likiongezeka, jingine hupungua.

Tutazame Kiswahili nchini Kenya. Istilahi zikiongezeka, vitabu vya kitaaluma huongezeka. Vitabu vikiongezeka, matumizi darasani hukua. Matumizi yakikua, istilahi zaidi huundwa. Mishale yote ni chanya, hivyo mzunguko hujiimarisha. Ila "chanya" si "njema": vitabu vikipungua, mzunguko uo huo huidhoofisha lugha.

Aidha, pengo la istilahi huchochea uundaji, nao uundaji hupunguza pengo. Mshale hasi ni mmoja, mzunguko husawazisha. Kanuni ni kuhesabu mishale hasi: idadi witiri husawazisha, shufwa, au pasipo hata mmoja, huimarisha.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili somo la lazima shuleni. Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi. Hatua hizo zilisukuma mshale wa matumizi. Lakini istilahi zikibaki kamusini bila kuandikiwa vitabu, mzunguko hukatika. Hapo ndipo kalamu zetu zinapohitajika.